Kwa Nini Dawa Ivishwe Sukari

Damu inayochangwa kwenye mahema ya pale Archives, katikati ya Nairobi, haimfikii mgonjwa kabla ya kupimwa kundi: A, B, AB au O. Herufi hizo tunazijua tangu shuleni, lakini ni wachache wetu tulioambiwa kwamba kinachotajwa hapo ni sukari. Juu ya kila seli nyekundu ya damu imechomoza minyororo mifupi ya sukari. Mwenye kundi A, mnyororo wake unaishia kwa sukari iitwayo N-asetilgalaktosamini. Wa kundi B unaishia kwa galaktosi. Wa kundi O hauna kabisa sukari hiyo ya mwisho, na mwenye AB anazo zote mbili. Sukari ya A na ya B zinatofautiana kwa kikundi kimoja kidogo cha atomi, basi. Hata hivyo, mtu wa kundi O akiwekewa damu ya A kimakosa anaweza kufa, kwa sababu protini za kinga zilizomo katika plazma yake, yale majimaji ya damu, huitambua sukari ile ngeni na kuzishambulia seli zote zinazoibeba. Karl Landsteiner aliyaeleza makundi haya akiwa Vienna, mwaka 1901. Ilipita miongo kadhaa kabla ya kujulikana kwamba asili ya tofauti hiyo ni sukari.

Naanza na damu kwa sababu ukitaja dawa iliyovishwa sukari, watu wengi hufikiria kidonge kitamu cha mtoto, au huuliza papo hapo kama mwenye kisukari ataruhusiwa kuitumia. Sukari ninayoizungumzia haihusiki na utamu wala na kuupa mwili nguvu. Kazi yake ni kutambulika. Seli zetu zote zimefunikwa kwa sukari za namna nyingi, na mwili umejaa protini ambazo shughuli yake ni kuzitambua sukari hizo na kuzishika. Wanakemia wakajiuliza: ikiwa ndivyo seli zinavyojuana, kwa nini chembe ya dawa nayo isipewe sukari zizo hizo, ili seli tunayoitaka iishike na kuimeza, na nyingine ziiache ipite? Mojawapo ya chembe zilizofanyiwa kazi sana kwa nia hiyo ni liposomi.

Kifuko kinachojitengeneza

Mwaka 1964 Alec Bangham na R. W. Horne, waliokuwa wakifanya kazi Babraham karibu na Cambridge, Uingereza, walichapisha picha za hadubini ya elektroni zilizoonyesha jambo la kushangaza kuhusu fosfolipidi, yale mafuta yanayounda utando wa seli zetu. Molekuli ya fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Zikiwekwa ndani ya maji, mikia hutafutana na kujificha katikati, vichwa vikaelekea nje upande huu na upande huu, ukatokea utando wa tabaka mbili wenye unene wa nanomita 4 au 5 (nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Utando huo haupendi kuwa na kingo zinazoguswa na maji, kwa hiyo hujikunja mpaka ukajifunga wenyewe. Kinachopatikana ni kifuko chenye maji ndani na maji nje. Hiyo ndiyo liposomi. Zile zinazotumika kubeba dawa huwa na kipenyo cha nanomita 50 hadi 200 hivi, ilhali seli nyekundu ya damu ina zaidi ya nanomita 7,000.

Dawa inayoyeyuka katika maji hukaa ndani ya kifuko. Inayoyeyuka katika mafuta hukaa katikati ya utando wenyewe. Mfano wa aina hii ya pili uko katika hospitali zetu: amfoterisini B ya liposomi, inayojulikana zaidi kwa jina la AmBisome. Amfoterisini ya kawaida ni dawa kali. Inaua kuvu na vimelea, lakini huumiza figo na kumtetemesha mgonjwa kwa homa wakati dripu inaendelea. Ikikaa ndani ya utando wa liposomi, ukali wake kwa figo hupungua sana, na daktari anaweza kutoa dozi kubwa kwa mara moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofanyiwa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, uliwafuatilia watu wenye VVU waliopata homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu ya kriptokokasi. Waliopewa dozi moja ya miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili, pamoja na dawa mbili nyingine za vidonge kwa wiki mbili, walifariki asilimia 24.8 ndani ya wiki kumi. Waliopewa amfoterisini ya kawaida kwa siku saba walifariki asilimia 28.7. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake mwaka huo huo.

AmBisome, tafadhali kumbuka, haina sukari ya kutambulisha. Ndani ya chupa yake mna sukari ya kawaida, ile tunayotia kwenye chai, lakini imewekwa ili kuzilinda liposomi zinapogandishwa na kukaushwa kuwa unga. Unga ukichanganywa na maji huyeyuka, na ikishafika kwenye damu inaenda zake. Nalitaja hili kwa sababu mtu akisoma orodha ya viambato anaweza kudhani ndiyo hadithi yenyewe, kumbe ni mambo mawili tofauti kabisa.

Liposomi tupu ikiingia mwilini, inaenda wapi? Kwa sehemu kubwa inaishia kwenye ini na bandama, ambako kuna seli kubwa zinazoitwa makrofaji, walinzi wanaomeza kila chembe ngeni inayopita. Ili zisimezwe mapema, watengenezaji walianza kuzifunika kwa nyuzi za polima iitwayo PEG, inayovuta maji na kuzificha. Doxil, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, ni ya aina hiyo. Lakini kujificha si kufika. Chembe iliyofichwa vizuri huzunguka muda mrefu bila kukamatwa, na vilevile bila kushikwa na seli iliyokusudiwa. Hapo ndipo sukari inapoingia.

Protini zinazoshika sukari

Protini zinazoshika sukari bila kuivunja wala kuibadilisha huitwa lektini, na nyingi za mwanzo zilipatikana kwenye mbegu. Mwaka 1888, huko Dorpat, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia, Hermann Stillmark aligundua kwamba protini ya mbegu za mbarika hushikanisha seli nyekundu za damu zikawa mabonge. Hiyo ni risini, sumu inayojulikana. Mwaka 1919 Mmarekani James Sumner alitoa kwenye maharagwe makubwa meupe ya Canavalia ensiformis lektini iitwayo konkanavalini A, ambayo hushika sukari za manosi na glukosi. Mpaka sasa ni miongoni mwa lektini zinazotumiwa mno maabarani.

Hata jikoni kwetu ziko. Maharagwe mekundu, Wairimu wakiwemo, yana lektini inayoshika sukari zilizo kwenye ukuta wa utumbo. Anayekula maharagwe yaliyopashwa moto tu bila kuchemka sawasawa hutapika na kuharisha kwa saa kadhaa. Kuchemka kwelikweli kwa dakika 10 na zaidi huiharibu lektini hiyo, na ndiyo maana mama anayeuza maharagwe ya kuchemsha kwenye sufuria kubwa kando ya barabara, aliyeyaacha motoni tangu alfajiri, hamdhuru mtu. Mbegu nyingine zimegeuka vifaa vya hospitali: lektini ya mmea wa Dolichos biflorus inatumika katika maabara za damu kutenganisha A1 na A2, vigawanyo viwili vya kundi A, tofauti ambayo jicho haliwezi kuiona.

Mwili wa binadamu nao una lektini zake. Seli za ini zina kipokezi kinachoshika galaktosi na N-asetilgalaktosamini. Makrofaji wana kipokezi cha manosi. Mishipa ya damu iliyovimba kwa maambukizi hutoa protini ziitwazo selektini, zinazoshika sukari fulani juu ya seli nyeupe ili zisimame pale zinapohitajika. Lektini nyingi za kundi hili zinahitaji kalsiamu ili zishike, kwani ioni ya kalsiamu hukaa katikati, ikishikwa na protini upande mmoja na sukari upande wa pili.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo naona ndilo kiini cha yote, na ambalo huachwa nje mara nyingi sayansi hii inaposimuliwa. Lektini ikishika sukari moja, inaishika kwa ulegevu sana. Inaishika na kuiachia, inaishika na kuiachia, mara nyingi kwa sekunde. Ukimimina galaktosi tupu kwenye seli za ini, hakuna kitakachodumu pale. Nguvu inatokana na wingi. Yeyote aliyewahi kupita kwenye shamba lililoachwa anakijua kishonanguo: mbegu moja ina vijino viwili vitatu tu na inang'oka kwa kuguswa, lakini suruali iliyojaa mbegu hizo utaisugua jioni nzima.

Yuan Chuan Lee na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walilipima jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walitengeneza minyororo yenye ncha moja, mbili, tatu na nne za galaktosi, wakaipima dhidi ya kipokezi cha ini. Kutoka ncha moja hadi mbili, nguvu ya kushika ilipanda kama mara elfu. Kutoka mbili hadi tatu, ikapanda karibu mara mia mbili au zaidi. Ncha ya nne iliongeza kidogo tu. Tena, haikutosha ncha kuwa tatu. Zilipaswa kukaa kwa umbali wa nanomita 1.5 hadi 2.5 kutoka moja hadi nyingine, kwa sababu ndivyo matundu ya kipokezi yalivyopangwa juu ya seli.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini liposomi inafaa. Kifuko cha nanomita 100 kina molekuli za mafuta kama 80,000. Tukiweka sukari kwenye kichwa cha kila molekuli tano katika mia, tunapata sukari 4,000, na karibu nusu yake zinatazama nje. Zaidi ya hapo, utando wa liposomi ni kimiminika: molekuli zake huteleza kwa upande muda wote. Lektini ikishika sukari ya kwanza, nyingine huteleza na kukusanyika chini yake mpaka umbali ukawa sawa. Mwanakemia hahitaji kubuni mpangilio kamili tangu mwanzo. Chembe ngumu, ya dhahabu kwa mfano, haiwezi kufanya hivyo.

Ulegevu wa mshiko mmoja una faida nyingine. Kama kila sukari ingeshika kwa nguvu, liposomi ingenasa kwenye seli yoyote iliyo na kipokezi hata kimoja. Kwa kuwa kila mshiko ni dhaifu, seli yenye vipokezi vichache huiachia chembe iende, na seli yenye vipokezi vingi ndiyo inayoishikilia mpaka kuimeza. Uchaguzi unatokana na udhaifu. Watu wanaobuni dawa hizi wakishindwa, wakati mwingine ni kwa kuwa wamezidisha sukari wakidhani kwamba nyingi zaidi ni bora zaidi.

Kuona kwa macho

Kuna jaribio moja linaloonyesha yote haya ndani ya chupa, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya kemia pale Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, au popote anaweza kulifuata bila shida. Fosfolipidi na kolesteroli, pamoja na mafuta machache yaliyoungwa na manosi kichwani, huyeyushwa katika klorofomu ndani ya chupa ya duara. Chupa huzungushwa juu ya maji ya vuguvugu huku pampu ikivuta hewa, klorofomu inavukizwa, na kwenye kioo inabaki ngozi nyembamba sana ya mafuta. Yakiongezwa maji yenye chumvi kidogo na kutikiswa, ngozi inabanduka na maji yanakuwa meupe. Kisha yanasukumwa mara kadhaa kupitia kichujio cha polikaboneti chenye matundu ya nanomita 100. Weupe unapungua kila mara, mpaka kinachobaki ni maji yanayong'aa, yenye samawati hafifu ukiyashika dhidi ya mwanga.

Ongeza konkanavalini A. Kila molekuli ya lektini hii, katika maji yasiyo na asidi wala besi, ina sehemu nne za kushika, kwa hiyo moja inaweza kuziunganisha liposomi mbili au zaidi. Ndani ya dakika chache maji yanaanza kuwa na ukungu. Spektrofotomita inaonyesha mwanga unaopita ukipungua. Ukisubiri, mabonge madogo meupe yanashuka chini. Sasa tia galaktosi: hakuna kinachobadilika. Tia manosi kwa wingi: ukungu unafifia, maji yanarudi kung'aa, kwa kuwa manosi zilizo huru zimejaza sehemu za lektini na liposomi zimeachiwa. Mambo matatu yamethibitishwa kwa mkupuo mmoja: kwamba sukari ziko nje na zinafikika, kwamba lektini inachagua sukari yake, na kwamba mshiko unaweza kufunguliwa bila kuivunja liposomi.

Nalipenda jaribio hili kwa uwazi wake. Lakini nimeona mara nyingi mno matokeo ya namna hii yakitangazwa kama dawa mpya. Ndani ya chupa kulikuwa na lektini moja na liposomi moja. Ndani ya damu mna maelfu ya protini, seli zinazokimbia, na makrofaji wenye njaa.

Pale ilipofaulu kwa wagonjwa

Kipokezi cha ini kiligunduliwa bila kutarajiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gilbert Ashwell na Anatol Morell, Marekani, walikuwa wakichunguza protini ya damu inayobeba shaba. Waliondoa sukari ya mwisho kwenye minyororo yake, ile iitwayo asidi sialiki, wakairudisha katika damu ya sungura. Protini ya kawaida ingezunguka kwa siku kadhaa. Hii iliyonyolewa ilitoweka ndani ya dakika chache, na walipotazama waliikuta kwenye ini. Kuondoa asidi sialiki kulikuwa kumeifunua galaktosi iliyo chini yake, na ini likaikamata.

Ushindi wa kwanza mkubwa hospitalini ulihusu ugonjwa wa Gaucher, wa kurithi, ambamo makrofaji hukosa kimeng'enya cha kuvunja mafuta fulani nao wakavimba kwa kujaa. Roscoe Brady na wenzake walikuwa na kimeng'enya chenyewe, kutoka kwenye kondo la nyuma la akina mama waliojifungua, lakini kikidungwa kiliingia kwenye seli za ini zisizohusika. Suluhisho lilikuwa kupunguza sukari zake hatua kwa hatua mpaka manosi ikabaki ncha. Makrofaji wakaanza kukipokea. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1991. Hapakuwa na liposomi hapo. Kilichobadilishwa ni sukari tu, na mgonjwa aliyekuwa na tumbo lililojaa bandama akaanza kupata nafuu.

Miaka ya karibuni kipokezi cha ini kimetumika hata zaidi. Givosirani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, na inklisirani, sindano ya kolesteroli inayodungwa mara mbili kwa mwaka baada ya dozi za mwanzo, ni vipande vya RNA, aina ya molekuli inayobeba maagizo ya jeni, vilivyofungwa moja kwa moja kwenye sukari tatu za N-asetilgalaktosamini. Tatu, kama Lee alivyopima. Huu ni ushahidi mkubwa kwamba sukari inaweza kuiongoza dawa, lakini pia ni changamoto kwa liposomi, maana waliotengeneza dawa hizi waliona kifuko hakihitajiki. Kwa maoni yangu liposomi inabaki na nafasi pale ambapo dawa haiwezi kufungwa kwenye sukari bila kuharibika, au pale inapotakiwa dawa nyingi ziingie seli moja kwa pamoja. Amfoterisini ni mfano mzuri, na unatuleta nyumbani.

Kimelea kinachokaa ndani ya mlinzi

Kala-azar inaua watu Baringo, Turkana, Pokot Magharibi, Marsabit, Isiolo, Wajir, Garissa na Mandera. Huletwa na kimelea Leishmania donovani kinachoenezwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu ambaye huko kwetu hupenda kukaa kwenye vichuguu vya mchwa. Mgonjwa hupata homa isiyokwisha, hukonda, damu humpungukia, bandama huvimba mpaka tumbo likajaa, na asipotibiwa kwa kawaida hufa. Kimelea hiki kinaishi na kuzaana ndani ya makrofaji, wale wale wenye kipokezi cha manosi.

Mtu akisikia hilo, wazo linakuja lenyewe: visha liposomi ya amfoterisini manosi, makrofaji aimeze kwa hamu, dawa ifike palipo na kimelea. Watafiti, hasa wa India, wamelijaribu kwa miongo kadhaa, na katika wanyama liposomi zenye manosi mara nyingi zimeondoa vimelea vingi zaidi kuliko zile tupu. Bado hakuna iliyofika hospitalini kwa wagonjwa wa kala-azar.

Sababu ni kadhaa, na nyingi zinarudi kwenye sukari yenyewe. Damuni kuna lektini inayoelea huru, kazi yake ikiwa kushika manosi iliyo juu ya bakteria na kuvu na kuamsha kinga. Liposomi iliyojaa manosi inaonekana kwake kama kijidudu. Ikishashikwa huko, haifiki mbali, na inaweza kumletea mgonjwa shida. Kipokezi cha manosi chenyewe si cha makrofaji peke yao. Kiko pia kwenye seli zinazotanda ndani ya mishipa midogo ya ini, nazo hunyakua sehemu yao. Liposomi zenye sukari nyingine nazo zina vikwazo vyao. Kuna suala la ukubwa: kwa dawa inayokusudiwa seli kuu za ini, chembe ikizidi kama nanomita 70 hadi 100 haipenyi vizuri kwenye vitundu vya mishipa hiyo, inaishia kwa makrofaji hata ikivishwa galaktosi sahihi. Na kuna namna sukari ilivyounganishwa. Galaktosi ikiungwa kwa namna fulani ya upande unaoitwa alfa, karibu binadamu wote tuna protini za kinga dhidi yake, zilizo tayari kama zile za makundi ya damu. Atomi ni zile zile, sukari ni ile ile, ila pembe ya muungano imebadilika, na mwili unaifanya adui.

Yapo pia masuala ya kazi tu. Sukari ikikaa chini sana kwenye utando, nyuzi za PEG huifunika na lektini haiioni. Ikiwekwa kwenye ncha ya uzi, inaonekana na kila mtu. Kutengeneza lita moja ya liposomi zenye sukari sawa ni rahisi kiasi. Kutengeneza chupa laki moja ambazo kila moja ina kiasi kile kile ni kiwanda kingine kabisa.

Kuhusu mwenye kisukari, jibu ni fupi. Sukari iliyo kwenye liposomi imefungwa kwenye mafuta, na hata dozi kubwa ya dripu ingekuwa na sehemu ndogo sana tu ya kijiko kimoja cha chai. Kipimo cha sukari ya damu hakitaiona. Na kuhusu vitamini za kumeza zinazouzwa mitandaoni kwa jina la liposomi, hizo hazina sukari ya kutambulisha, na ndani ya tumbo na utumbo zinakutana na nyongo na vimeng'enya vilivyoumbwa kuvunja fosfolipidi. Haziwezi kupewa sifa za dawa nilizozieleza hapa.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo ningependa watafiti walizingatie tangu mwanzo. Nchini India, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha dozi moja ya AmBisome ya miligramu 10 kwa kilo ikiwaponya wagonjwa wa kala-azar zaidi ya 95 katika 100. Dozi moja ilipojaribiwa Afrika Mashariki, matokeo yalikuwa mabaya kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa. Kimelea ni cha jina lile lile na dawa ni ile ile. Kwa hiyo kwa miaka mingi mgonjwa wa Kacheliba, Pokot Magharibi, amekuwa akidungwa sindano kila siku kwa siku 17, za antimoni na paromomaisini, wakati mwenzake wa Bihar, jimbo la India, alikaa na dripu moja akarudi nyumbani.

Kwa sababu hiyo, liposomi yenye manosi ikipimwa kwa vimelea vya Bihar peke yake na panya wa maabara, haitatuambia lolote la kutegemea. Inapaswa kupimwa kwa vimelea vilivyotolewa kwa wagonjwa wa Baringo na Pokot, ndani ya makrofaji wa watu wa huku, ikilinganishwa na AmBisome tupu kwa dozi ile ile, na ikiwa na plazma ya binadamu ndani ya chupa ili ile lektini ya damuni ipate nafasi ya kuingilia. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ina maabara ya kala-azar. Mpango wa dawa za magonjwa yaliyosahaulika, DNDi, una ofisi yake ya Afrika Mashariki hapa Nairobi. Unga wa liposomi hiyo yenye manosi utalazimika kuvumilia safari ya lori hadi Kacheliba, kuchanganywa na muuguzi ambaye hana mashine ya kupima nanomita, na kubaki na sukari zake zote nje ya utando zikielekea damuni. Majaribio hayo yanaweza kuanzia Nairobi, na gharama ya kuyaanza ni ndogo ukilinganisha na ya jaribio moja la wagonjwa litakaloshindwa baadaye.